Bomba la gesi limetimiza miaka kumi: Mtwara tumefaidika, au tumepitiwa tu?

MtotoWaMikindani #1

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi jioni kijiweni hapa Magomeni (ya Mtwara, ndugu zangu wa Dar msichanganye) ulizuka ubishi. Oktoba 2015 Rais Kikwete alizindua bomba la gesi la kilomita 542 kutoka huku kwetu hadi Dar, na kiwanda cha saruji cha Dangote kikazinduliwa mwezi huohuo. Miaka kumi hiyo. Mmoja akasema miradi ile imeujenga mji: tazameni gati jipya bandarini, tazameni majumba ya Shangani. Kulikuwa na fundi seremala pale, mzee ambaye kwa kawaida haongei. Akaweka kikombe chini, akauliza: "Mji gani huo umejengwa, na mwanangu mwenyewe yuko Tanga?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi pia sikumjibu, na ndiyo maana naandika.

Kati ya 2013 na 2017 nilikuwa karani wa madodoso, nazunguka na fomu za tafiti za watu. Fomu zilikuwa zinauliza mambo makubwa. Pembeni nikawa na daftari langu la mambo madogo, najaza kila mwisho wa mwezi: chumba kimoja cha kupanga Chikongola ni shilingi ngapi, kibarua wa kuchanganya zege analipwa ngapi kwa siku, na huyo kibarua ametokea wapi.

Chumba kwanza. Januari 2013, chumba kisicho na umeme nimeandika 15,000. Katikati ya 2014 chumba hichohicho ni 50,000, na mwenye nyumba anataka ya mwaka mzima mkononi. Mwishoni mwa 2016 kimerudi 20,000 na mlangoni kuna karatasi "chumba kinapangishwa", wino umefifia kwa jua.

Ujira wa zege? Ulipanda kwa buku mbili, basi. Na kwenye safu ya "ametokea wapi" majina yalikuwa yanaongezeka kila mwezi: Masasi, Nanyumbu, Songea, Mbagala. Kila kukisikika kuna kazi Mtwara, basi linashusha vijana wengine thelathini pale stendi, na bosi hana sababu ya kuongeza hata mia. Mwenye kiwanja na mwenye nyumba hawana wa kushindana naye kutoka Songea, kwa hiyo neema ikaenda kwao. Mwenye mikono akabaki na buku mbili zake, nazo zikaishia kwenye kodi ya chumba.

Halafu kuna hili neno "ajira". Mtu akichimba mtaro wa bomba miezi mitatu, akaachishwa, akaingia mwingine miezi mitatu, kwenye ripoti za miradi ni ajira mbili. Kwangu mimi ni nusu mwaka wa kazi. Mimi ningependa ripoti zote ziandike miezi ya kazi na siyo vichwa, tuone zitabaki na urefu gani.

Nataka tujadili bila uchama. Mradi mkubwa ukija mkoani, wewe unaangalia nini ili ujue watu wamefaidika?

---

Pweza #2

Tuma picha ya daftari mkuu, tusije tukawa tunasoma riwaya.

---

MamaLodge #3

Kaka wa Mikindani, umenigusa penye donda.

Mimi ni mmoja wa hao wenye nyumba unaosema walikula neema. Njoo nikuoneshe nilivyoila. 2012 nilikuwa na nyumba ya urithi na mgahawa. Wakaja wazungu wa utafutaji baharini, wakaja Wachina wa bomba, vyumba hakuna mji mzima. Nikaenda benki moja, nikaweka hati, nikajenga vyumba kumi na vinne vyenye viyoyozi. Nilifungua Machi 2014. Miezi minane nimejaa, mpaka nalala kwa dada yangu ili chumba changu nikiuze.

Halafu bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Mwanzoni mwa 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100, mwanzoni mwa 2016 chini ya 30. Mimi nilikuwa sijui pipa la mafuta linahusianaje na shuka zangu, nikajua. Kampuni zilifunga mizigo. Bomba likaisha kujengwa. Vyumba kumi na vinne, mgeni mmoja, tena afisa wa halmashauri anayelala kwa hati ya madai.

Nyumba haikupigwa mnada kwa sababu niling'oa viyoyozi, nikauza, nikaweka vitanda vya deka nikapangisha wanafunzi wa chuo. Deni nimemaliza 2021.

Lakini nina jambo moja la kukuongezea, maana naona kwenye daftari lako wamejaa wanaume wa zege. Ule wakati nilikuwa na wasichana sita, wawili wa kufua, watatu jikoni, mmoja mapokezi. Nyuma yao kuna mama aliyeniletea samaki kutoka Msangamkuu kila alfajiri, na bibi wa mchicha. Hao hawakuwahi kuhesabiwa kwenye ajira za gesi. Na walipoachishwa hawakuhesabiwa pia. Wanne walirudi kijijini, huko wakaambiwa wana ajira maana wanalima.

---

MsomiMchovu #4

Mama, hilo la mwisho umelisema vizuri kuliko sisi tunaolipwa kulisema.

Kwenye tafiti zetu za nguvu kazi, ukosefu wa ajira kitaifa ulikuwa asilimia 11.7 mwaka 2006 na 10.3 mwaka 2014. Ukisoma haraka utasema hali si mbaya. Lakini mkoa kama Mtwara, mwenye mikorosho kumi ya urithi na jembe si rahisi ahesabiwe kuwa hana ajira. Maskini hawezi kumudu kukaa bure akisubiri kazi, atafanya chochote. Kwa hiyo kipimo hicho kikipanda au kushuka hakikwambii sana kuhusu maisha yake. Ni afadhali uulize amefanya kazi saa ngapi, kwa malipo gani, na msimu upi.

Mtoa mada, daftari lako nalipenda lakini lina tundu kubwa. Umeandika kilichotokea. Hujaandika kingetokea nini bomba lisingekuja. Kodi ya chumba ingepanda kiasi gani? Hujui, maana huna Mtwara ya pili isiyo na bomba uiweke pembeni. Sisi tunachofanya ni kutafuta mji unaofanana nao kabla ya mradi, tukautazama sambamba. Ungekuwa na daftari jingine la Masasi au Songea, leo tungekuwa tunaongea vingine.

Na usidhani serikali ina daftari hilo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2011/12 uligawanya Bara mafungu matatu: Dar es Salaam, miji mingine, na vijijini. Ule wa 2017/18 ndio uliotoa picha ya mkoa mmoja mmoja. Maana yake kwa umaskini wa Mtwara tuna picha ya baada, ya kabla hatuna. Huwezi kupima mtoto amekua kiasi gani kama hukumpima alipozaliwa.

Kilichopo ni sensa. Kati ya 2002 na 2012 Mtwara iliongezeka asilimia 1.2 kwa mwaka, nchi nzima 2.7. Kati ya 2012 na 2022 Mtwara ikaenda 2.5, kutoka watu 1,270,854 hadi 1,634,947, nchi ikaenda 3.2. Bado tuko nyuma ya nchi, lakini pengo limepungua kutoka pointi moja na nusu hadi chini ya moja. Tafsiri yangu: watu wamepunguza kukimbia. Watu wakihama huwa wanapiga kura kwa miguu, na hiyo kura haichakachuliwi kirahisi.

Sasa, ni gesi iliyowazuia? Hapo sina uhakika hata kidogo. Mimi nasema korosho.

---

BodaYaTandahimba #5

Ni korosho mkuu, nani anabisha?

Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, na mnadani bei ikavuka 4,000 kwa kilo. Mimi nilikuwa na pikipiki moja ya mkataba. Kuanzia Oktoba mpaka Januari sikuwahi kulala kabla ya saa saba usiku. Mtu anakukodi kutoka Tandahimba mpaka Mtwara mjini kununua redio, anakwambia nisubiri. Anarudi na redio, godoro na mke wa pili. (Mke wa pili nimetia chumvi. Godoro ni kweli.) Msimu ule nikamaliza mkataba, nikachukua pikipiki ya pili.

Ukafuata msimu wa 2018. Wanunuzi wakaja na bei ya chini, wakulima wakagoma kuuza, Novemba serikali ikasema itanunua yenyewe kwa 3,300 na jeshi likaja kusomba. Ukaja uhakiki wa wakulima, na malipo yakachukua muda kuwafikia watu. Mkulima hana hela, fundi cherehani hana hela, mimi sina abiria. Ya pili niliiuza Februari kwa bei ya kutupa. Kuna waliouza korosho zao kangomba, yaani kwa walanguzi, kwa bei ya karanga kabla hata ya mnada ili watoto waende shule.

Gesi ilikuwa inapita kwenye bomba siku zote hizo. Mji ulichanua na kunyauka kwa korosho.

---

MsomiMchovu #6

Ndugu yangu, ulichoandika hapo ni jaribio kamili. Bomba halijabadilika, korosho imebadilika, mji umebadilika. Wanafunzi wangu wanaandika kurasa themanini kulisema hilo.

---

KarashaLaKatoro #7

Habari zenu watu wa kusini. Huku Geita sensa inasema tumetoka watu 1,739,530 mwaka 2012 mpaka 2,977,608 mwaka 2022. Hiyo ni 5.4 kwa mwaka. Hizo kura za miguu mnazosema, huku zimejaa masanduku.

Ila msidhani ni mgodi mkubwa uliozileta. Mgodi mkubwa ulianza kuzalisha mwaka 2000 na una mchango wake, umejenga madarasa na zahanati, sibishi. Lakini Katoro haikujengwa na watu wenye kofia ngumu na kitambulisho shingoni. Imejengwa na wachimbaji wadogo. Jiwe la dhahabu mtu yeyote mwenye nyundo anaweza kuligusa. Kuna anayechimba, anayevuta kamba, anayetwanga, mwenye karasha (mashine ya kusaga mawe), mwenye mwalo wa kuoshea dhahabu, mama wa chapati, mwenye genereta, na anayenunua. Machi 2019 likafunguliwa soko la madini Geita mjini, bei ikawa inaonekana ubaoni, siyo tena kunong'onezana uchochoroni. Gesi huwezi kuibeba kwa ndoo. Inatoka chini ya bahari, inaingia kwenye chuma, inatokea Kinyerezi, kwenye mitambo ya umeme ya Dar. Kibarua ataingilia wapi?

Lakini mtoa mada usije kutusifia kupita kiasi. Kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, watu wengi hawana mshahara. Mnakula mgawo wa mawe. Nimewahi kukaa shimoni miezi minne tunafukuza mwamba, tajiri anatoa chakula tu, na duara likagoma. Mgawo wangu ulikuwa mifuko mitatu, nikapeleka kwa mwenye karasha, nikatoka na hela ya viatu. Mwezi uliofuata wenzetu hatua hamsini pembeni wakapiga mali na wakajenga. Ukichukua wastani wetu wawili utasema tuna maisha mazuri.

---

MtotoWaMikindani #8

Karasha, hilo la wastani nimelinukuu kwenye daftari na nimeandika jina lako pembeni.

Msomi, nakubali tundu. Sikuwa na Masasi ya kulinganisha. Nilikuwa na baiskeli.

Ila nakubishia kidogo kuhusu gesi. Ukihesabu watu walioko kwenye mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba leo utaona gesi haina kitu, maana pale kuna mabomba mengi kuliko binadamu. Lakini kiwanda cha saruji cha Dangote kule Msijute kimejengwa kwa uwezo wa tani milioni tatu kwa mwaka, na mwishoni mwa 2016 kilisimama kwa muda, gharama ya umeme wa dizeli ikiwa moja ya sababu. Baadaye kikaunganishwa na gesi. Dereva wa lori, utingo, muuza tairi, mama lishe wa kandokando ya barabara, wote hao wamekaa juu ya mnyororo ambao pete moja ni gesi. Kwa hiyo swali si gesi imeajiri wangapi. Ni gesi iliyobaki Mtwara imefanya nini, ukilinganisha na iliyoondoka. Na mnakumbuka Januari na Mei 2013 ubishi ulikuwa huohuo, gesi ibaki au iondoke, mpaka damu ikamwagika.

---

MswahiliWaMilwaukee #9

Nawasalimu kutoka Wisconsin, baridi inaua. Msione ni Afrika tu. Mwaka 2017 kampuni ya Foxconn iliahidi kujenga kiwanda kikubwa jirani na hapa, ajira 13,000, na jimbo likaahidi msamaha wa kodi wa mabilioni ya dola. Watu walihamishwa, barabara zikapanuliwa. Mwaka 2021 mkataba ukaandikwa upya: ajira 1,454.

Kitu kimoja kiliwaokoa kidogo: sehemu kubwa ya ule msamaha ilifungwa na idadi ya watu walioajiriwa kweli, wenye mshahara wa kiwango fulani. Kampuni haikufikisha idadi mwaka wa kwanza, haikupewa. Ila hela za barabara na za kununua mashamba zilikwishatoka na hazirudi. Shemeji yangu Mkongo alinunua nyumba kule akitegemea kupangisha wafanyakazi. Mama Lodge, mngeelewana.

---

MamaLodge #10

Mpe pole. Mwambie aweke wanafunzi.

---

NgojaNgojaLindi #11

Wakubwa, mimi ni kijana wa Lindi, sina daftari wala lodge. Tangu nikiwa shule ya msingi nasikia kiwanda cha kusindika gesi kitajengwa Likong'o. Nimemaliza sekondari, nimeoa, nina mtoto. Mara nasikia dola bilioni 30, mara bilioni 42. Watu wanashika viwanja, bei ya kiwanja imepanda kwa mradi ambao hauna hata tofali. Mwaka juzi nilikataa kazi ya kudumu Kilwa nikisema nisije nikawa mbali siku wakianza kuandikisha.

Swali langu: nifanye nini, na halmashauri yetu ifanye nini?

---

MtotoWaMikindani #12

Mdogo wangu, kwanza kama ile kazi ya Kilwa bado ipo, nenda. Kutoka Kilwa mpaka Lindi ni safari ya asubuhi. Wakianza kuandikisha utasikia kabla hawajafungua meza.

Pili, jua wataandikisha nini. Hapa Mtwara kijana asiye na cheti alipata jembe, ulinzi na ufagio. Kazi ya kuchomelea bomba ilitaka cheti kinachotambulika kimataifa, na wengi waliokuwa nacho walikuja kwa ndege. VETA (vyuo vya ufundi stadi) huku kusini walianza mafunzo ya namna hiyo mwaka 2012 na vijana wachache wakapenya. Lakini cheti hakitolewi wiki ambayo meli imetia nanga. Unakichukua wakati wa kungoja, na kwa bahati nzuri au mbaya kungoja mnako kwa wingi.

Halmashauri yenu ina nafasi ambayo sisi hatukuipata: mradi haujaanza. Leo hii, mwezi huu, mtume vijana wanne wenye daftari. Chumba bei gani, kibarua bei gani, kilo ya samaki sokoni bei gani, msichana wa jikoni analipwa ngapi, na nani amehamia. Waandike hayohayo Nachingwea ambako mradi hautakuwepo. Miaka kumi ijayo hamtabishana kijiweni kama sisi.

---

MsomiMchovu #13

Na waandike kwa majina ya mitaa, siyo mkoa mzima. Mkoa unaweza kupanda huku waliohamishwa Likong'o wanashuka. Mwaka mmoja baada ya fidia warudi walewale, nyumba zilezile walizohamia, waulize hela imeishia wapi.

---

Pweza #14

Halmashauri itume vijana wanne wenye daftari? Posho nani analipa?

---

BodaYaTandahimba #15

😂😂 Pweza bwana.

---

MtotoWaMikindani #16

Wakuu, nimerudi. Leo asubuhi nilimfuata yule fundi seremala karakanani kwake. Nilikuta anaranda mlango wa mninga. Nikamwambia mzee, swali lako limetushinda siku ya tatu sasa, watu wa Geita mpaka Marekani wanalijadili. Akacheka.

Nikamuuliza mwanawe anafanya nini Tanga. Kumbe ni mchomeleaji. Alisoma VETA wakati ule wa gesi, akapata miezi ya kazi hapa, bomba likaisha akakaa bure karibu miaka miwili akichomelea mageti na vitanda. Sasa yuko kwenye mradi wa bomba la mafuta ghafi, lile la Hoima mpaka Chongoleani, kilomita 1,443. Anatuma hela kila mwezi.

Hapo ndipo nilipokwama, na Msomi utanisaidia. Kwa hesabu ya mji, huyu kijana ni hasara: Mtwara imemsomesha, Tanga inamtumia. Kwa hesabu ya mtu, gesi imempa mkono unaouzika popote penye bomba. Fomu zote nilizowahi kubeba zilikuwa zinauliza aliyelala ndani ya kaya usiku wa jana. Yeye hakulala. Hayumo.

Nikamuuliza mzee, huu mlango wa nani? Akasema wa huyohuyo, anajenga Mangamba, vyumba vitatu na sebule. Mafundi wawili wa tofali ni wa hapa, saruji ya hapa, na yeye mwenyewe mzee analipwa na mwanawe kwa kila mlango, tena kwa bei ya soko.

Nikamwambia, sasa mzee mbona siku ile ulilalamika?

Akapuliza maranda, akasema, "Nililalamika kwa sababu mama yake anaumwa na yeye yuko Tanga."

---

MamaLodge #17

Mpe pole mzee, na Mungu amponye mama.

Halafu muulize kama ana nafasi wiki ijayo. Nina milango sita imeliwa na mchwa na wanafunzi wanafungua mwezi ujao. Bei tutaongea, ila aje na randa yake, ile ya kwangu niliiuza pamoja na viyoyozi.